Maumivu ya Ghafla ya Korodani: Sababu Zake na Thamani ya Saa Sita za Mwanzo

Utangulizi

Digodigo ni kijiji cha Wabatemi, watu ambao katika vitabu vingi huitwa Wasonjo, kilichoko katika Wilaya ya Ngorongoro, Mkoa wa Arusha. Wakazi wake wanajulikana kwa mambo mawili: kilimo cha kumwagilia kwa mifereji inayotunzwa kwa taratibu za tangu enzi za mababu, na ufugaji wa mbuzi. Majirani zao Wamasai hufuga ng'ombe, mbuzi na kondoo. Hospitali inayotegemewa na wengi katika sehemu hiyo ya wilaya ni ya Wasso, karibu na Loliondo. Ijapokuwa barabara ya kutoka Wasso hadi Sale, yenye urefu wa kilomita 49, sasa imewekwa lami, mgonjwa anayetoka kijijini usiku lazima kwanza apate chombo cha kumfikisha huko.

Mbuzi, mfereji na safari ya hospitali: mambo haya matatu yatarudi tena katika makala haya, kwa kuwa kila moja linasaidia kueleza jambo ambalo huzungumzwa kwa nadra sana darasani, yaani maumivu na uvimbe wa korodani.

Somo lenyewe linaweza kuanzia bwenini. Mvulana wa kidato cha pili anaamshwa saa nane za usiku na maumivu makali upande mmoja wa korodani. Tumbo la chini linamsokota, na mara anatapika. Anaona haya kumwamsha mwenzake. Kunapokucha anamwambia mwalimu wa zamu kwamba "tumbo linauma", naye anapewa dawa ya tumbo na ruhusa ya kupumzika. Hakuna aliyekosa huruma katika mfano huu. Lakini kufikia saa mbili za asubuhi, saa sita zimekwisha kupita. Na huenda ndizo saa ambazo korodani hiyo ingeweza kuokolewa bila shida.

Shabaha ya makala haya ni kueleza sababu mbalimbali za maumivu ya namna hii, jinsi kila sababu inavyofanya kazi mwilini, na kwa nini moja kati yake haisubiri asubuhi.

Majina yanayochanganya

Kiswahili kina maneno kadhaa kwa maradhi ya sehemu hii ya mwili, na maneno hayo huchanganywa mara nyingi. Ngiri ni hali ya sehemu ya utumbo kupenya udhaifu wa misuli ya kinena na kushuka, pengine mpaka kwenye mfuko wa korodani. Busha ni maji yanayojikusanya kuzunguka korodani. Mshipa hutumiwa na watu wengine kwa maana ya busha, na wengine kwa maana ya ngiri. Wengine tena hulitumia kwa maumivu yoyote ya kinena.

Mchanganyiko huu una hatari yake. Kijana akisema ana mshipa, mzee anaweza kumwambia kwamba ni maradhi ya kawaida, akandwe kwa maji ya moto, yatapoa. Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, lakini unajibu neno, haujibu ugonjwa. Kwa hiyo katika makala haya neno korodani limetumika kwa maana ya tezi zenyewe mbili, na neno pumbu kwa maana ya mfuko wa ngozi unaozibeba.

Maumbile ya korodani

Korodani zina kazi mbili: kutengeneza mbegu za kiume na kutoa homoni ya testosteroni, inayoleta sauti nzito, ndevu na nguvu za misuli. Ndani ya kila korodani mna mirija myembamba sana iliyojikunja, ambayo kama ingenyooshwa na kuunganishwa ingefika mamia ya mita. Mbegu zikitoka humo huingia katika mrija mwingine uliojikunja nyuma ya korodani, uitwao epididimisi, ambao ukinyooshwa hufikia kiasi cha mita 6. Humo ndimo mbegu hukomaa kabla ya kupita katika mrija mkubwa zaidi kuelekea tezi ya kibofu na njia ya mkojo. Kwa hiyo kuna njia iliyo wazi kati ya njia ya mkojo na korodani. Njia hiyo hupitisha mbegu kwenda nje, lakini vijidudu navyo vinaweza kuipanda kwenda ndani.

Korodani hazianzi maisha zikiwa katika pumbu. Katika mimba hukua ndani ya tumbo, karibu na figo, kisha hushuka polepole kupitia kinena. Sababu ya safari hiyo ni joto: mbegu hutengenezwa vizuri katika joto lililo chini ya lile la mwili kwa nyuzi kati ya 2 na 4 za Selsiasi. Zinaposhuka, korodani huja na mishipa yake ya damu na ya fahamu kutoka huko juu, na yote hufungamana pamoja katika kamba moja.

Historia hii ya kushuka inaeleza mambo mawili muhimu. Kwanza, korodani inaning'inia kwenye kamba ambayo ndiyo njia yake kuu ya damu. Pili, kwa kuwa mishipa yake ya fahamu inatoka karibu na ile ya figo na tumbo, maumivu ya korodani husikika tumboni na huleta kichefuchefu. Mvulana wa bwenini aliyesema tumbo linauma hakusema uongo. Alisema nusu ya kweli.

Kujisokota kwa korodani

Kwa kawaida korodani imeshikizwa nyuma yake kwenye ukuta wa pumbu, hivyo haiwezi kuzunguka. Kwa baadhi ya wavulana mshikizo huo umekosekana tangu kuzaliwa, na korodani hucheza kama ulimi wa kengele. Siku moja inaweza kuzunguka na kuisokota kamba yake. Tukio hilo hutokea wakati wa usingizi, asubuhi ya baridi, baada ya mchezo au baada ya kugongwa. Na mara nyingine hakuna sababu inayoonekana kabisa.

Damu huingia katika korodani kwa ateri na kutoka kwa vena. Ateri ina kuta nene na msukumo mkubwa. Vena ina kuta laini. Kamba inaposokotwa, vena hubanwa kwanza. Mkulima wa Digodigo anaweza kulielewa jambo hili kwa mfano wa jaruba: maji yakiendelea kuingia kutoka mferejini huku mlango wa kutokea umezibwa, jaruba hufurika. Ndivyo korodani inavyovimba na kuwa ngumu. Msukumo wa ndani ukizidi, hata damu inayoingia husimama, na chembe hai huanza kufa kwa kukosa oksijeni.

Katika nchi zenye takwimu kamili, hali hii hupata kwa wastani mvulana 1 kati ya 4,000 walio chini ya umri wa miaka 25 kila mwaka. Wengi wao wana umri kati ya miaka 12 na 18, yaani umri wa wanafunzi wa sekondari. Watoto wachanga na watu wazima nao huweza kupatwa.

Mapitio ya tafiti nyingi yameonyesha jinsi wakati unavyoamua matokeo. Wagonjwa wakifunguliwa msokoto ndani ya saa 6 tangu maumivu yaanze, korodani 97 hivi kati ya 100 huokolewa. Kati ya saa 7 na 12, idadi hiyo hushuka hadi karibu 79. Zikipita siku mbili, ni kama 7 tu. Takwimu hizo zina mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba saa sita za mwanzo zina thamani kubwa kuliko zote zinazofuata. La pili ni kwamba aliyechelewa hana sababu ya kukata tamaa na kubaki nyumbani, kwani msokoto mwingine huwa si kamili na damu kidogo huendelea kupita.

Tiba ni upasuaji. Daktari hufungua pumbu, huirudisha korodani mahali pake na kuishona isizunguke tena. Korodani ya pili nayo hushonwa, kwa sababu kasoro ya mshikizo kwa kawaida huwa pande zote mbili. Iwapo korodani imekwisha kufa, huondolewa. Mtu mwenye korodani moja nzima kwa kawaida huweza kuzaa na kuwa na nguvu zake za kiume. Hata hivyo, hana tena akiba.

Kuna pia kiungo kidogo kama punje, kilichobaki tangu ukuaji wa mimba, ambacho huning'inia juu ya korodani. Hicho nacho huweza kujisokota, hasa kwa wavulana wadogo. Maumivu yake huwa hafifu zaidi, na hali hiyo hupoa bila upasuaji. Lakini anayeweza kuamua kwamba ni hicho, wala si korodani yenyewe, ni mganga aliyempima mgonjwa.

Jaribio la darasani

Mwalimu anaweza kuonyesha jambo hili kwa mipira miwili ya maji, mmoja wenye kuta nene na mwingine wenye kuta nyembamba na laini, kila mmoja wenye urefu wa sentimita 50. Juu ya kila mpira huwekwa faneli. Chini huwekwa chombo cha kupimia. Wanafunzi humimina mililita 200 za maji na kuandika muda unaohitajika ili yapite yote. Kisha sehemu ya chini ya mpira huzungushwa mara moja, halafu mara mbili, na vipimo hurudiwa.

Wanafunzi wataona kwamba mpira wenye kuta nyembamba huziba mapema kuliko wenye kuta nene. Matokeo yakichorwa katika grafu, darasa zima litakuwa limejionea kwa nini korodani iliyojisokota huvimba kwanza na kufa baadaye.

Uvimbe unaoletwa na vijidudu

Kundi la pili la sababu ni maambukizo. Hapa tezi au mrija wake hushambuliwa na vijidudu, nao mwili hujibu kwa kupeleka damu nyingi, joto na uvimbe. Maumivu huanza polepole zaidi, kwa saa nyingi au siku kadhaa, na mara nyingi huandamana na homa.

(a) Vijidudu vya njia ya mkojo na vya zinaa. Kwa vijana wanaojamiiana, vijidudu vya kisonono na vya klamidia ndivyo huwa vya kwanza kushukiwa. Hupanda kutoka njia ya mkojo hadi kwenye epididimisi. Mgonjwa huweza kuwa na usaha au maumivu wakati wa kukojoa, lakini klamidia mara nyingi haina dalili ya mapema. Kwa wanaume wa makamo na wazee, bakteria wa kawaida wa utumbo, kama Escherichia coli, hupata nafasi pale tezi ya kibofu iliyokua inapozuia mkojo kutoka vizuri. Tiba ni viuavijasumu vinavyotolewa na mganga na kumalizwa vyote. Ikiwa chanzo ni zinaa, mwenzi naye hutibiwa. La sivyo, ugonjwa hurudi.

(b) Matubwitubwi. Ugonjwa huu, uitwao pia perema, huletwa na virusi na huvimbisha tezi za mate mashavuni. Hippocrates, tabibu wa Ugiriki ya kale, alieleza zaidi ya miaka 2,400 iliyopita jinsi watu wa kisiwa cha Thasos walivyovimba karibu na masikio, na baadhi ya wanaume wakavimba korodani pia. Mtoto mdogo hupatwa na athari hiyo kwa nadra. Mvulana aliyebaleghe hupatwa mara nyingi zaidi. Uvimbe wa korodani hufuata ule wa mashavu baada ya siku 4 hadi 8, kwa kawaida upande mmoja tu. Baadaye korodani inaweza kusinyaa, lakini utasa kamili hutokea kwa nadra. Viuavijasumu haviui virusi, hivyo tiba ni mapumziko, dawa ya kutuliza maumivu na kuitegemeza pumbu. Ifahamike kwamba chanjo ya surua na rubela, iliyoingizwa katika ratiba ya watoto Tanzania mwaka 2014, haina kinga ya matubwitubwi.

(c) Bruselosisi. Hapa ndipo mbuzi wanapoingia katika somo. Bruselosisi ni ugonjwa wa mifugo ambao wafugaji huujua kwa dalili yake kubwa, yaani kutupa mimba. Mwaka 1887 daktari wa jeshi la Uingereza, David Bruce, aligundua kijidudu chake katika miili ya askari waliokufa kwa homa kisiwani Malta. Ni Bruce huyuhuyu aliyekuja Uganda mwaka 1903 kuchunguza malale. Mwaka 1905 Themistocles Zammit, daktari wa Malta, alionyesha kwamba kijidudu hicho hukaa ndani ya mbuzi na hutoka katika maziwa yao.

Beberu na fahali wenye ugonjwa huu huweza kuvimba korodani, na jambo hilo hilo huwapata baadhi ya wanaume. Mgonjwa huwa na homa inayopanda na kushuka, jasho la usiku, uchovu na maumivu ya viungo na mgongo. Kisha korodani moja huvimba. Kwa kuwa homa hiyo hufanana na malaria au homa ya matumbo, mtu anaweza kutibiwa mara kadhaa bila kupona. Katika Wilaya ya Ngorongoro hili si jambo la kubuni. Watafiti waliowapima wagonjwa wa homa katika hospitali ya Endulen mwaka 2016 na 2017 walikuta bruselosisi kwa baadhi yao, na aina waliyoiotesha katika maabara ilikuwa Brucella melitensis, ambayo makao yake makuu ni mbuzi na kondoo.

Tiba ya bruselosisi ni ndefu: dawa mbili au zaidi kwa pamoja, na kwa kawaida hutumiwa kwa muda wa wiki 6. Viuavijasumu vya siku chache, vinavyotosha kwa maradhi mengine, huacha vijidudu hai. Kwa hiyo mgonjwa anayefuga, anayechunga au anayekunywa maziwa mabichi anapaswa kumweleza mganga habari hiyo bila kusubiri kuulizwa. Kinga yake ni kuchemsha maziwa. Kuvukiza kibuyu kwa moshi na kugandisha maziwa hakuchukui nafasi ya kuchemsha. Kadhalika, anayemsaidia mbuzi aliyetupa mimba asishike kondo wala kitoto kilichokufa kwa mikono mitupu.

(d) Kifua kikuu. Vijidudu vya kifua kikuu husafiri katika damu na huweza kutua katika figo na epididimisi. Uvimbe wake huja polepole, kwa wiki au miezi, ukiwa mgumu na wenye maumivu kidogo. Pengine hutoboka na kutoa usaha. Uvimbe usiopona kwa viuavijasumu vya kawaida unastahili kupimwa kwa nia hiyo.

(e) Vimelea. Katika ukanda wa pwani na visiwa, minyoo ya matende inayoenezwa na mbu huziba njia za limfu. Matokeo yake ni busha, ambalo huwa zito zaidi kuliko kuuma, ingawa vipindi vya homa na maumivu hutokea. Kampeni ya taifa ya kugawa dawa dhidi ya minyoo hiyo ilianza kisiwani Mafia mwaka 2000. Kichocho cha kibofu nacho huweza kufika katika viungo vya uzazi.

Sababu nyingine

Pigo la mpira, teke la mnyama au kuanguka juu ya baiskeli huweza kupasua korodani au kuvujisha damu ndani ya pumbu. Maumivu ya pigo dogo huisha katika muda wa saa moja hivi. Yakiendelea, au uvimbe ukiongezeka, mgonjwa apelekwe hospitali. Tena ikumbukwe kwamba pigo lenyewe huweza kuanzisha msokoto.

Ngiri iliyobanwa huleta uvimbe mgumu wa kinena usiorudi, pamoja na kutapika na tumbo kujaa. Hii nayo ni dharura, kwa sababu utumbo uliobanwa hufa kama korodani iliyosokotwa. Jiwe la figo linaposhuka huleta maumivu ya kiuno yanayofika hadi korodani, hali korodani yenyewe ni nzima. Maelezo yake yako katika historia ile ya kushuka kutoka karibu na figo.

Saratani ya korodani haina budi kutajwa, ijapokuwa ni nadra zaidi kwa Waafrika kuliko kwa watu wa Ulaya. Huwapata zaidi vijana na watu wa makamo, na kwa kawaida huanza kama donge gumu lisilouma. Kutouma kwake ndiko kunakowafanya wengi walipuuze. Donge lolote jipya katika korodani lipimwe.

Namna mganga anavyotofautisha

Mganga huanza kwa maswali: maumivu yalianza saa ngapi, ghafla au polepole, kuna homa, usaha au maumivu ya kukojoa, mashavu yalivimba wiki iliyopita, mgonjwa anafuga wanyama gani. Kisha hupima. Korodani iliyojisokota mara nyingi hupanda juu na kulala kwa mshazari. Mganga akikwaruza kidogo ngozi ya ndani ya paja, korodani nzima huvutwa juu na msuli wake; iliyojisokota kwa kawaida haivutwi. Vipimo vya mkojo na damu huonyesha maambukizo. Kipimo cha mawimbi ya sauti huonyesha kama damu inapita.

Hata hivyo, hakuna dalili moja isiyoweza kudanganya. Kwa sababu hiyo madaktari wana kanuni: maumivu ya ghafla ya korodani kwa kijana huhesabiwa kuwa ni msokoto mpaka ithibitike vinginevyo. Pale ambapo kipimo cha mawimbi hakipo, au kingechukua muda mrefu, ni bora kufungua pumbu na kukuta hakuna msokoto, kuliko kungoja na kukuta korodani imekufa.

Hesabu ya saa

Sasa inafaa kumrudia mvulana wa bwenini, na kumweka katika shule yoyote iliyo mbali na chumba cha upasuaji, iwe ni Digodigo au kwingineko. Maumivu yameanza saa nane za usiku. Akinyamaza mpaka saa kumi na mbili za asubuhi, saa nne zimekwenda. Akitibiwa tumbo na kungojewa hadi saa nne, saa nane zimekwenda. Gari likitafutwa na kupatikana saa sita za mchana, saa kumi zimekwenda, na safari ndiyo kwanza inaanza.

Katika hesabu hii umbali wa hospitali ni sehemu ambayo shule haiwezi kuipunguza. Sehemu inayoweza kupunguzwa ni ile ya mwanzo: saa nne za haya na saa nne za kutoelewana. Kijana anayelijua neno korodani na anayethubutu kulitamka, pamoja na mwalimu anayelisikia bila kucheka wala kukemea, wanaweza kuokoa muda mrefu kuliko gari lolote. Ndiyo sababu somo hili lina haki ya kuwa darasani.

La kufanya na la kutofanya

Mwanafunzi mwenye maumivu ya ghafla amwambie mtu mzima mara moja, hata kama ni usiku wa manane, na aseme wazi mahali panapouma. Mwalimu anayeambiwa na mvulana kwamba tumbo la chini linauma na anatapika amwulize faraghani kama korodani nazo zinauma. Saa ya kuanza kwa maumivu iandikwe. Usafiri utafutwe wakati huohuo, na hospitali ipigiwe simu kabla ya kuondoka. Mgonjwa asile wala asinywe, maana huenda atahitaji dawa ya usingizi.

Korodani isikandwe, isichuliwe na isifungwe kwa nguvu. Dawa ya kutuliza maumivu isichukuliwe kuwa ni tiba, na maumivu yakipungua ghafla safari isiahirishwe: pengine msokoto umejifungua na utarudi, au tezi imekwisha kufa na haiumi tena. Aidha, dalili ya zinaa isiwe sababu ya kumhukumu mgonjwa. Kijana anayeogopa kuaibishwa atanyamaza, na atakayenyamaza hatatibiwa.

Muhtasari

Maumivu ya korodani yana sababu nyingi: kujisokota, maambukizo ya njia ya mkojo na ya zinaa, matubwitubwi, bruselosisi, kifua kikuu, vimelea, majeraha, ngiri, mawe ya figo na, kwa nadra, saratani. Nyingi kati yake hutibika kwa dawa na zinaweza kungoja siku moja. Kujisokota na ngiri iliyobanwa haviwezi kungoja. Na kwa kuwa mgonjwa hawezi kutofautisha mwenyewe, kila maumivu ya ghafla yapelekwe hospitali kama dharura.

Maswali

1. Eleza kwa nini korodani iliyojisokota huvimba kabla ya kukosa damu kabisa.
2. Kwa nini ugonjwa wa korodani huweza kusikika kama ugonjwa wa tumbo, na jiwe la figo kusikika kama ugonjwa wa korodani?
3. Mchungaji wa mbuzi ana homa ya wiki tatu na korodani moja iliyovimba. Taja habari ambazo mganga angependa kuzijua, na ueleze sababu.
4. Kutokana na jaribio la mipira, chora grafu ya muda wa maji kupita dhidi ya idadi ya mizunguko.
5. Kadiria, kwa shule yako, muda unaohitajika kumfikisha mgonjwa katika hospitali yenye chumba cha upasuaji wakati wa usiku. Ni hatua zipi zinaweza kufupishwa, na nani mwenye wajibu wa kuzifupisha?